Anwani ya ukurasa ni kibao cha duka

Mfanyabiashara auzaye kanga kwenye intaneti asiuache ukurasa wa bidhaa uitwe "/bidhaa?id=4827". Anwani hiyo haimwelezi mnunuzi lolote. "/kanga-za-pamba" humweleza kilichomo kabla hajafungua.

Google hushauri maneno yanayosomeka, yatenganishwe kwa kistari cha kati (-), si cha chini (_). Herufi ziwe ndogo zote, kwani "/Kanga" na "/kanga" huhesabiwa anwani mbili. Bei isiwekwe, hupanda na kushuka.

Hata hivyo, maneno hayo pekee hayalipandishi duka juu ya orodha. Hasara kubwa huja anwani ya zamani inapofutwa: mteja hukuta kosa namba 404, akaenda kwa mshindani. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa amri ya kudumu, namba 301.