Upasuaji wa Ukuta wa Pua: Je, Pua Iliyopinda Nayo Itanyooka?

Wagonjwa wengi wanaopangiwa upasuaji wa ukuta wa kati wa pua huuliza swali moja kabla hawajatoka chumba cha daktari, wengine kwa sauti ya chini: na pua yenyewe, itanyooka? Wana haki ya kuuliza. Mtu aliyevunjika pua kwenye ajali ya bodaboda, au aliyepigwa kiwiko uwanjani, hubaki na mambo mawili kwa mpigo: pumzi inayokwama na sura iliyobadilika.

Jibu ni kwamba upasuaji wa ukuta peke yake hulenga pumzi. Zipo pua ambazo kupinda kwake kunatokana na ukuta huohuo, na hizo huweza kunyooka kwa kiasi. Nyingine hazitasogea hata kidogo. Kinachoamua ni mahali palipopinda, na hilo mgonjwa na daktari wanapaswa kuelewana kabla fomu ya ridhaa haijatiwa saini.

Mahali palipopinda

Sehemu ya juu ya pua, kati ya macho, ni mifupa miwili midogo. Kuanzia hapo kwenda chini ni gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbuka unayoihisi ukiminya ncha ya pua au ukikunja sikio. Ndani kuna ukuta unaotenganisha tundu la kulia na la kushoto: mbele ni gegedu, nyuma ni mfupa mwembamba. Ni nadra kukuta ukuta ulionyooka kabisa. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba watu wapatao 80 katika kila 100 wana mpindo fulani, na wengi wao hawasumbuliwi na chochote. Mpindo unaoonekana kwenye picha bila dalili hauhitaji kisu.

Ukuta huu una kazi nyingine zaidi ya kugawa njia ya hewa. Ukingo wake wa juu na wa mbele ndio unaobeba mgongo na ncha ya pua, kama nguzo ya kati inavyobeba hema. Nguzo ikilala kushoto, turubai nalo huvutwa kushoto.

Kwa hiyo mpindo ulio nyuma, ndani kabisa, unaweza kuziba pumzi huku pua ikiwa imenyooka vizuri kwa nje. Mtu wa aina hii akipasuliwa atapumua vizuri zaidi na sura yake itabaki ileile. Mpindo ulio kwenye ukingo wa mbele au wa juu husukuma ncha upande mmoja, na mara nyingi tundu moja huonekana dogo kuliko jingine. Hapo daktari akiurudisha ukingo katikati, ncha nayo inaweza kurudi. Lakini pua iliyohama kuanzia juu, penye mifupa, haiwezi kunyooshwa kwa kugusa ukuta tu. Baada ya ajali mara nyingi vyote vimepinda pamoja, mifupa na gegedu, na ndiyo maana majibu ya jirani yako aliyepasuliwa mwaka jana hayawezi kuwa majibu yako.

Kwa nini daktari hakati ukuta wote

Upasuaji wa ukuta hufanyika kupitia ndani ya tundu la pua, kwa hiyo hauachi kovu usoni. Mara nyingi mgonjwa hulazwa usingizi, yaani nusu kaputi. Daktari hubandua utando laini unaofunika ukuta, huondoa au hunyoosha sehemu iliyopinda, kisha huurudisha utando mahali pake. Kazi huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Freer wa Marekani na Killian wa Ujerumani walieneza njia ya kuondoa gegedu lililopinda huku utando ukibaki mzima. Ilijulikana pia kwamba ukiondoa gegedu kupita kiasi, mgongo wa pua hubonyea. Mpaka leo daktari huacha ukanda wa gegedu wenye umbo la herufi L, upana wa sentimita 1 au zaidi, juu na mbele. Ukanda huo ndio unaoshikilia sura. Ukiwa umenyooka, hakuna sababu ya kuugusa. Ukiwa ndio uliopinda, kazi huwa ngumu zaidi, maana lazima unyooshwe bila kupoteza nguvu zake.

Palipo na mpindo wa mifupa pia, kuna upasuaji mpana unaounganisha kazi mbili: ukuta wa ndani na umbo la nje. Daktari hukata mifupa ya pua kwa uangalifu na kuipanga upya, na huweza kuweka vipande vya gegedu kuimarisha mgongo, mara nyingi vikitolewa kwenye ukuta uleule. Hii ni sababu nzuri ya kutaja suala la sura mapema. Gegedu likishaondolewa katika upasuaji wa kwanza, daktari wa mara ya pili huenda akalazimika kulitafuta sikioni au kwenye ubavu.

Upasuaji huu mpana huchukua saa mbili au zaidi. Macho huvimba na kuvilia damu kwa wiki moja hadi mbili, na uvimbe wa pua huisha polepole. Umbo la mwisho huweza kuchukua mwaka mzima kuonekana, hasa kwa wenye ngozi nene ya pua, na Waafrika wengi wamo humo. Gegedu pia huelekea kurudi lilikokuwa. Ahadi ya pua iliyonyooka kwa asilimia mia isikuvutie; daktari mwaminifu atakuambia itanyooka zaidi ya ilivyo sasa, na kwamba wagonjwa wachache huhitaji kurudi tena chumba cha upasuaji.

Pua ikiumia leo

Hapa ndipo tungependa kila mzazi, kocha na dereva wa bodaboda asome mara mbili. Pua iliyovunjika hunyooshwa kwa urahisi zaidi katika siku za mwanzo kuliko wakati mwingine wowote. Daktari husubiri siku 3 hadi 5 ili uvimbe upungue, kisha huirudisha mifupa mahali pake, mara nyingi bila kukata popote. Kwa mtu mzima kazi hiyo inapaswa kufanyika ndani ya wiki mbili, na kwa mtoto ndani ya wiki moja, kwa sababu mifupa ya watoto huunga haraka. Muda huo ukipita, mfupa umeshaungana ukiwa umepinda, na mtu anabaki na upasuaji mpana, wa gharama kubwa, kwa kitu ambacho kingemalizwa kwa dakika chache. Tunaona watu wengi mno wakifika baada ya miezi kadhaa.

Kuna jambo moja lisilosubiri hata siku 3. Damu inaweza kukusanyika ndani ya ukuta, chini ya utando. Pua huziba ghafla, maumivu huongezeka badala ya kupungua, na ukiangalia ndani ya tundu unaona uvimbe laini mwekundu au wa zambarau. Damu hiyo hulinyima gegedu lishe yake. Ikikaa siku chache, gegedu hufa, usaha huweza kuingia, na pua hubonyea. Inapaswa kutolewa siku hiyohiyo. Mtoto aliyeanguka na kugonga pua aangaliwe ndani ya matundu yote mawili, hata kama damu imekwisha kutoka na analia kidogo tu.

Kabla ya kukubali kupasuliwa

Pua kuziba kuna sababu nyingi: mzio wa vumbi, nyama za pua, vinyama vya pembeni vilivyovimba. Hata matone ya kuzibua pua yanayouzwa maduka ya dawa, yakitumika mfululizo zaidi ya siku 5 hivi, huanza kuiziba pua yenyewe. Ndiyo sababu daktari bingwa wa pua, koo na masikio huchungulia ndani, mara nyingi kwa kamera nyembamba, na huweza kujaribu dawa ya kupuliza kwa wiki kadhaa kwanza.

Dawa haiwezi kunyoosha gegedu, na palipo na mpindo unaoziba kweli, upasuaji husaidia. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2019, likihusisha watu wazima 203, na jingine la Uingereza la 2023 lenye watu wazima 378, yote yalionyesha kwamba waliopasuliwa ukuta walipata nafuu kubwa kuliko waliotibiwa bila kisu. Kilichopimwa ni dalili na maisha ya kila siku. Hayakuwa majaribio ya kunyoosha sura.

Kwa watoto, madaktari wengi husubiri uso ukue, takriban miaka 16 kwa wasichana na 17 au 18 kwa wavulana, isipokuwa pumzi ikiwa imezibwa vibaya.

Mwambie daktari waziwazi kama sura inakusumbua. Hakuna aibu. Muulize: mpindo wangu uko wapi, ukingo wa mbele utaguswa, mifupa itaguswa, na kwenye fomu yangu umeandikwa upasuaji upi? Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC, Bugando au Kenyatta zina mabingwa wa fani hii. Ulizia pia bima yako kwa maandishi, kwani mara nyingi bima hukubali kulipia sehemu ya pumzi na kukataa ile inayohesabiwa kuwa ya urembo, hata zikifanyika siku moja.

Baada ya upasuaji

Lala kichwa kikiwa juu. Usipenge kamasi kwa wiki moja au mbili, usibebe mizigo, na usirudi kwenye mpira mpaka daktari akuruhusu, kwa kawaida baada ya wiki 6 hivi. Ukiambiwa usafishe pua kwa maji ya chumvi, maji yachemshwe kwanza na kuachwa yapoe. Meno ya juu ya mbele yanaweza kufa ganzi kwa muda. Matatizo makubwa si ya kawaida, lakini yapo: kutoka damu nyingi, maambukizi, tundu kwenye ukuta, au pua kubadilika umbo bila kutarajiwa.

Rudi hospitali mara moja damu isipokoma baada ya kubana pua dakika 15 ukiwa umeinamisha kichwa mbele, ukipata homa, maumivu yakizidi huku pua ikiziba pande zote mbili, au maji mepesi kama ya bomba yakitiririka kutoka tundu moja.