ELIMU YA AFYA: KUSOMA MAJIBU YA DAMU YA SUKARI NA YA TEZI YA SHINGO

Tarakimu iliyomo katika karatasi ya majibu ya damu, ikisomwa peke yake, yaweza kumtia hofu aliye mzima na kumtuliza aliye mgonjwa. Kwa hiyo watumishi wa Serikali na wananchi wa Mkoa wa Singida wanaombwa kuzingatia maelezo yafuatayo.

(1) Sukari. Kwanza utazamwe wakati wa kupimwa. Mtu mzima aliyekaa bila kula kwa saa 8 au zaidi hutarajiwa kuwa chini ya milimoli 6.1 kwa lita. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo, na kuanzia 7.0 ni kiwango cha kisukari. Akipimwa bila kujali chakula, kiwango cha kisukari ni kuanzia 11.1. Asiye na dalili, kama vile kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuthibitishwa. Pili, kitazamwe kizio. Baadhi ya mashine huandika miligramu kwa desilita, ambapo 126 ni sawa na 7.0. Aliyeandikiwa 99 jana na 5.5 leo hakupona wala hakuzidiwa.

(2) Tezi ya shingo. Homoni iitwayo TSH hutoka chini ya ubongo kuiamuru tezi ifanye kazi. Mfano wake ni msimamizi: mfanyakazi akilegea, yeye hupaza sauti. Hivyo TSH ikipanda na homoni ya tezi, T4, ikishuka, tezi imelegea. Mtu huchoka, huhisi baridi na huongezeka uzito. TSH ikishuka na T4 ikipanda, tezi imezidisha kazi; moyo hwenda mbio na mwili hukonda. Maabara nyingi hukadiria TSH ya kawaida baina ya 0.4 na 4.0, lakini kila karatasi isomwe kwa mipaka iliyochapishwa juu yake. Wajawazito wana mipaka yao.

(3) Rovu. TSH ya kawaida haiondoi uwezekano wa kuwa na rovu. Sababu yake kubwa ni upungufu wa madini joto, ambao kwa mjamzito huweza kudhuru ubongo wa mtoto. Maziwa ya Singidani na Kindai yana maji ya chumvi, lakini kuishi karibu na chumvi si kinga. Hata Pemba, iliyozungukwa na bahari, upungufu huo umewahi kuonekana. Inunuliwe chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, na ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, pasipo na unyevu.

Mwisho, inasisitizwa kwamba mtu asianze dawa wala asiache dawa kwa kuangalia tarakimu. Karatasi zote, za zamani na mpya, zihifadhiwe na zipelekwe kwa daktari, naye aelezwe saa ya mlo wa mwisho na dawa zinazotumika.