Pilipili ipi imepanda bei?

Sokoni Kalemie, ukisema "pilipili" tu, utapewa ile kali nyekundu. Mama yangu, muuzaji wa viungo, aliwahi kusomewa habari iliyotafsiriwa: "Bei ya pilipili imepanda duniani." Akaweka gunia lake akingoja faida, likaota ukungu. Habari ilihusu "poivre".

Kwa Kiswahili sanifu, poivre ni pilipili manga. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa Omani. Asili ya zao hili ni kusini mwa India. Watu wa pwani waliliita kwa jina la waliolileta, si la waliolilima. Leo Vietnam ndiyo inayoongoza kwa kuliuza, lakini jina limebaki.

Nyeusi na nyeupe hutoka mmea mmoja. Nyeusi huchumwa kabla ya kuiva, ikakaushwa na ganda lake. Nyeupe huachwa iive, ikalowekwa na kumenywa. Kazi hiyo na uzito unaopotea huifanya kwa kawaida iwe ghali zaidi.

Bei ilikuwa juu sana mwaka 2015, wakulima wakaongeza mashamba, ikaporomoka hadi 2020. Mwaka 2024 ilipanda tena, mavuno ya Vietnam yalipopungua. Mmea huchukua miaka kadhaa kuanza kuzaa, kwa hiyo soko huchelewa kujirekebisha.

Mtafsiri basi aseme: pilipili manga, nyeusi au nyeupe, bei ya wapi.

Zoezi: Tafsiri "Le poivre baisse, le piment monte." Msomee muuzaji, kisha muulize atauza nini.