Nani Alifyatua Risasi? Amri ya Nane Mbele ya Muuaji Asiyejulikana



Kila anapouawa mtu mashuhuri na muuaji akatoweka bila kutambuliwa, swali moja hutangulia mengine yote: nani kafanya? Swali hilo si dhambi. Damu ya Abeli ililia kutoka ardhini, na Mungu mwenyewe alimwuliza Kaini habari za ndugu yake. Taabu huanza pale jibu linapochelewa, nasi hatutaki kukaa bila jibu. Katika somo hili la Amri ya Nane tutaangalia yanayotokea katika muda huo wa kungoja. Tumechagua tukio la Sweden kwa sababu huko kungoja kumechukua takribani miaka 40, na kwa hiyo matunda ya kukisia yanaonekana wazi kuliko katika tukio la juzi.

Jina la Olof Palme si geni kwa wasomaji wetu wa umri mkubwa. Alikuwa Waziri Mkuu wa Sweden, rafiki wa Mwalimu Nyerere na mpinzani mkali wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Enzi zake Sweden ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa Tanzania. Ijumaa, tarehe 28 Februari 1986, alitoka sinema usiku pamoja na mkewe Lisbeth, bila mlinzi yeyote. Saa 5:21 usiku, kwenye kona ya barabara ya Sveavägen na kichochoro cha Tunnelgatan katikati ya Stockholm, mtu alimkaribia kwa nyuma akampiga risasi ya mgongoni. Risasi ya pili ilimparuza Lisbeth. Mtu huyo alikimbilia kichochoroni, akapanda ngazi zilizo mwisho wake, akatoweka. Bastola yake haijapatikana mpaka leo. Hata risasi mbili zilizofyatuliwa hazikupatikana na polisi. Ziliokotwa na raia siku zilizofuata.

Basi, taifa zima likaanza kukisia.

Siku chache baadaye polisi walitangaza picha ya kuchorwa ya mtu aliyedhaniwa kuwa muuaji. Simu zikamiminika kwa maelfu: jirani, mfanyakazi mwenza, mume wa zamani, mpangaji wa ghorofa ya juu, wote walifanana na ile picha. Baadaye ilionekana kwamba mtu aliyechorwa pengine hakuhusika kabisa na mauaji. Mwezi uleule wa Machi alikamatwa kijana mmoja, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Mkuu wa polisi wa Stockholm, aliyeongoza upelelezi, akashikilia kwamba wahusika walikuwa chama cha Wakurdi cha PKK. Januari 1987 Wakurdi kadhaa walikamatwa kwa mkupuo, wakaachiwa karibu mara moja, na mkuu huyo akajiuzulu mwaka huohuo. Lakini kuachiwa na polisi si sawa na kuachiwa na majirani. Wakurdi wengi waliokimbilia Sweden kutafuta amani waliendelea kutazamwa kwa jicho la shaka kwa miaka, kwa tendo ambalo halikupata kuthibitishwa juu ya yeyote kati yao.

Wengine walinyoosha kidole kwa polisi wenyewe. Wengine kwa majasusi wa Marekani, kwa Wayugoslavia, kwa wafanyabiashara wa silaha. Sisi huku Afrika wengi tuliielekea Afrika Kusini, kwa kuwa wiki moja tu kabla ya kuuawa Palme alikuwa amehutubia mkutano wa kupinga ubaguzi wa rangi mjini Stockholm, na Oliver Tambo akiwepo. Mwaka 1996 afisa wa zamani wa polisi ya makaburu, Eugene de Kock, alisema mahakamani kwamba mkono wa Afrika Kusini ulikuwemo. Jambo hilo nalo halikuthibitishwa.

Hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia sana. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 60, anauliza kama ni halali kuhukumu kwa shuku, na anataja vyanzo vitatu vya shuku. Kuna anayewadhania wengine uovu kwa sababu yeye mwenyewe ni mwovu, na kila mtu anampima kwa pishi lake. Kuna anayemshuku mtu kwa sababu tayari anamchukia, anamwonea wivu au ana hasira naye. Palipo na chuki, dalili ndogo hutosha. Na kuna shuku itokayo kwa uzoefu mrefu wa maisha, ndiyo maana wazee, asema, ni wepesi wa kushuku. Hiki cha tatu kinapungukiwa na ubaya, maana uzoefu una thamani yake.

Tukirudi Stockholm na kipimo hicho, tunaona jambo ambalo wapelelezi wa kujitolea hawakuliona. Aliyewachukia polisi aliwaona polisi. Aliyewaogopa wageni alimwona Mkurdi. Nasi tulioichukia serikali ya makaburu, tena kwa haki kabisa, tuliiona hiyo. Inawezekana mmojawapo wetu alikuwa sahihi. Lakini tazameni jinsi kila mmoja alivyomkuta muuaji mahali palepale alipokwisha weka adui yake kabla risasi haijafyatuliwa. Wasweden wenyewe wana jina la hali iliyowapata watu walioacha kazi na familia zao wakichunguza mauaji hayo usiku na mchana: wanaiita ugonjwa wa Palme.

Thomas anaendelea na ngazi za kosa lenyewe, na waseminari wanaojiandaa kwa kiti cha maungamo wazishike vizuri. Kuanza kuwa na mashaka juu ya wema wa mtu kwa dalili nyepesi ni udhaifu wa kibinadamu, dhambi ndogo, kwani maisha haya hayaepukiki vishawishi. Kuwa na hakika moyoni kwamba mtu ni mwovu, kwa dalili hizohizo nyepesi, ni jambo jingine. Likiwa katika neno zito ni dhambi ya mauti, kwa sababu ni kumdharau jirani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaiita hukumu ya pupa, na inasisitiza kwamba hutendeka hata kimyakimya, kabla hatujafungua mdomo. Ngazi ya tatu ni ya hakimu anayemtia mtu hatiani kwa shuku tu. Huyo anavunja haki yenyewe.

Ngazi hiyo ya tatu ilifikiwa Sweden, angalau kwa miezi michache. Mwishoni mwa mwaka 1988 alikamatwa mtu mmoja mlevi, mtumiaji wa dawa za kulevya, aliyekwisha kutiwa hatiani zamani kwa kuua. Hatutamtaja jina, ingawa limeandikwa katika vitabu vingi. Somo hili halilihitaji. Lisbeth Palme aliitwa kutambua. Kabla ya kuonyeshwa watu hao katika mkanda wa video alikuwa ameambiwa kwamba mshukiwa ni mlevi. Alipotazama alisema kwanza kwamba inaonekana wazi nani kati yao ni mlevi, kisha akamtaja. Julai 1989 mtu huyo akahukumiwa kifungo cha maisha. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufaa ikamwachia huru: hapakuwa na silaha, hapakuwa na sababu iliyothibitishwa ya kuua, na utambuzi ulikuwa umetiwa doa.

Tusimlaumu mjane. Aliyekosa si yeye aliyelia. Ni aliyemwekea jibu mkononi kabla ya kumwuliza swali. Hebu tulinganishe na sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli. Wazee wawili wanamshtaki Susana, na mkutano wote unawaamini kwa kuwa ni wazee na waamuzi. Danieli hahubiri juu ya uchaji wa Susana. Anafanya kitu rahisi sana: anawatenganisha mashahidi, kisha anamwuliza kila mmoja peke yake, chini ya mti gani? Majibu hayakulingana. Hekima ya Danieli ilikuwa kuzuia ushahidi wa mmoja usiingie katika kinywa cha mwingine. Uvumi hufanya kinyume chake kabisa. Huwakusanya mashahidi pamoja, ukawafundisha wimbo mmoja, na baada ya hapo hata aliyeona kweli hawezi tena kutenganisha alichokiona na alichokisikia. Kwa hiyo, anayesambaza makisio juu ya muuaji hamdhulumu tu anayetajwa. Anamdhulumu pia marehemu, kwa kuharibu ushahidi ambao ungemletea haki.

Tunajua baadhi yenu mtauliza: je, polisi nao wasishuku? Bila shuku hakuna upelelezi! Ni kweli. Na Thomas anajibu katika swali lilelile. Mambo yenye mashaka kuhusu mtu yafasiriwe kwa upande ulio bora; ni heri kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, maana huyu wa pili tumemjeruhi, yule wa kwanza hatukumjeruhi. Lakini tunapotakiwa kuzuia madhara, asema, tunaruhusiwa kujiandaa kwa lile baya zaidi, kama kudhania tu, si kama kuhukumu. Mama anayefunga mlango kwa komeo usiku hajawahukumu majirani kuwa wezi. Mpelelezi anayemhoji mtu hajamwita muuaji. Mpaka unavukwa pale dhana ya kazi inapogeuzwa kuwa jina linalotajwa hadharani.

Na ulivukwa tena. Tarehe 10 Juni 2020 mwendesha mashtaka wa Sweden aliwaita waandishi wa habari, akamtaja mtu aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima yenye ofisi karibu na pale Palme alipouawa. Usiku ule mtu huyo alikuwa eneo la tukio, na mwenyewe alijitokeza kutoa ushahidi. Alikuwa amefariki tangu mwaka 2000. Mwendesha mashtaka akafunga upelelezi kwa hoja kwamba marehemu hawezi kushtakiwa. Ni kweli, marehemu hawezi kushtakiwa. Wala hawezi kujitetea, kuleta shahidi, au kukata rufaa. Jina lake likaenea duniani siku hiyohiyo kuwa ndiye muuaji wa Palme. Desemba 2025 ngazi ya juu ya mamlaka hiyohiyo ya mashtaka ilipitia upya uamuzi ule, ikasema ushahidi hautoshi kumwonyesha kuwa yeye ndiye. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka mitano na nusu ambayo ndugu zake waliishi na jina hilo.

Sweden ilihitaji miaka na miaka kufika hapo. Leo hazihitajiki hata saa 24. Mwanaharakati kijana wa kisiasa Charlie Kirk alipouawa kwa risasi tarehe 10 Septemba 2025 katika chuo kikuu kimoja cha Utah, Marekani, kabla mshukiwa hajakamatwa picha ya mzee mstaafu wa Toronto, Kanada, ilikuwa imesambazwa kwa watu wasiohesabika kuwa ndiye mpiga risasi. Mzee huyo alikuwa kwao Toronto, nchi nyingine kabisa. Hakuna aliyemwuliza.

Na sisi je, katika vikundi vyetu vya simu vya jumuiya, vya kwaya, vya parokia? Picha ya mtu ikifika na maneno “huyu ndiye, sambaza”, tuna nafasi tatu tu. Kama tuliona kitu kwa macho yetu, tukipeleke kwa wanaohusika na upelelezi, kama tulivyokiona, bila kuongeza; kunyamaza hapo kwaweza kuwa dhambi ya kutotimiza wajibu. Tunafahamu kwamba mahali pengine watu huogopa kwenda polisi, na hofu hiyo mara nyingine ina sababu. Padre anaweza kumsindikiza muumini, au kumtafutia wakili au tume ya haki na amani ya jimbo. Kama hatukuona kitu, hatuna ushahidi wa kutoa, na picha hiyo iishie kwetu. Na kama tulikwisha isambaza?

Hapo linaingia neno ambalo maungamo mengi hulisahau: malipizi. Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai kufidiwa, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Aliyeiba mbuzi harudishi kwa kusali Salamu Maria tatu, anarudisha mbuzi. Jina jema nalo ni mali, na ni gumu kulirudisha kuliko mbuzi, kwa sababu hatujui limefika mikononi mwa nani. Muungamishi asiridhike na toba ya jumla ya “nimesema watu vibaya”. Aulize kwa upole: ulisema nini, kwa nani, na kwa njia ipi? Kama picha ilitumwa katika vikundi vitatu, sahihisho liende katika vikundi hivyo vitatu, kwa maneno yaliyo wazi: “Niliyemtaja jana kuwa muuaji, sikuwa na ushahidi wowote juu yake. Naomba kila aliyemtumia mwenzake picha ile amtumie na ujumbe huu.” Kuifuta picha kimyakimya hakutoshi. Na ikiwa anafahamika na anafikika, aendewe yeye mwenyewe, au ndugu zake kama amefariki, aombwe radhi kabla ya Jumapili.