SOMO KWA MAKATIBU: VUMBI LA RANGI YENYE RISASI NA WAJIBU WA MSIMAMIZI



Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Nyarero kimeamua kukarabati ghala lake kuukuu kabla ya msimu. Milango ya chuma na madirisha yalipakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita, nayo sasa inabanduka. Fundi anakuja na msasa na brashi ya waya, anakwangua mchana kutwa. Vumbi linapeperuka hadi kwenye chanja za kahawa, na watoto watokao shule wanaokota magamba ya rangi. Jioni fundi anarudi nyumbani na nguo zile zile, anambeba mwanawe. Katibu anatia sahihi hati ya malipo akiona kazi imekwenda vizuri. Somo hili linamhusu katibu huyo, kwa kuwa ndiye msimamizi wa kazi hiyo, apende asipende.

Risasi tunayoitaja ni yale madini laini na mazito ambayo jina lake tumezoea kulisikia katika habari za bunduki. Watengenezaji waliyatia katika rangi kwa sababu huzifanya njano na nyekundu zing'are, huharakisha kukauka kwa rangi ya mafuta, na huzuia chuma kisishike kutu. Hatari yake ilijulikana zamani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 13 juu ya risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi, na Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978. Hapa nchini, taasisi ya AGENDA ya Dar es Salaam ilipopima rangi za mafuta zilizonunuliwa madukani, baadhi zilikutwa zimepita mbali kipimo cha sehemu 90 katika milioni kinachopendekezwa kimataifa. Kwa hiyo msimamizi asidanganywe na umri wa jengo. Hata rangi ya juzi yaweza kuwa na risasi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Ubongo wake hudhurika bila homa wala kidonda. Hushindwa kutulia darasani na kushika masomo, na wazazi hudhani ndivyo alivyoumbwa. Mtu mzima hupata maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, shinikizo la damu na maradhi ya figo. Risasi hujificha mifupani miaka mingi, na mama akipata mimba hutoka humo ikamfikia mtoto tumboni.

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wameyaona haya. Huko chanzo hakikuwa rangi bali kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza mwaka 2007, lakini sumu ilipita njia ile ile ya vumbi na moshi. Mahakama iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024. Watoto wa mwaka 2007 walikuwa wamekwisha kuwa vijana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Rangi iliyoshikamana barabara na ukuta haimdhuru mtu. Kinachodhuru ni vumbi tunalolitoa sisi wenyewe kwa kukwangua. Basi swali la kwanza la msimamizi ni kama kuna haja ya kukwangua hata kidogo. Mara nyingi yatosha kuosha na kupaka rangi nyingine juu, na chama huokoa fedha.

Panapobanduka, palowanishwe kwa maji kabla ya kuguswa na wakati wote wa kukwangua. Msasa mkavu usitumike kabisa, wala rangi isiunguzwe kwa moto, maana moshi wake ni sumu kali zaidi. Chini patandazwe plastiki nzito, kahawa na magunia viondolewe, watoto na wajawazito wasikaribie. Kitambaa kilichofungwa puani hakifai; fundi apewe barakoa yenye kichujio cha vumbi laini. Asile wala asivute sigara penye kazi, anawe kwa sabuni, na nguo za kazi asiende nazo nyumbani.

Kufagia kukavu ndiko kunakoharibu kila kitu siku ya mwisho. Vumbi huonekana limekwisha, kumbe limepanda kwenye kenchi na kushuka usiku. Pafutwe kwa vitambaa vilivyolowa na sabuni, tena na tena. Taka zifungwe katika mifuko na Afisa Mazingira wa Halmashauri aulizwe pa kuzipeleka. Zisichomwe, zisitupwe shambani wala kijitoni. Huko Marekani sheria humtaka msimamizi awepo mwenyewe wakati wa kuandaa mahali na wakati wa usafishaji wa mwisho, nami naona hiyo ni busara ya kuiga. Siku za katikati katibu anaweza kwenda kwenye vitabu vyake.

Anayetaka kuhakikisha apeleke kipande cha rangi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Mwanza. Asiyepima achukulie kwamba risasi imo. Masharti haya yaandikwe katika mkataba wa fundi, na plastiki, sabuni na barakoa viwekwe katika makisio ya kazi, visikatwe katika ujira wake.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Ni majengo gani ya chama chenu yana rangi inayobanduka, na ni nani hucheza karibu nayo? Fundi akisema maji yanamchelewesha, katibu atamjibu nini? Bodi ikipunguza makisio, ni kitu gani hakiwezi kuondolewa?