Ajali ya Jumamosi, maumivu ya Jumatatu

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 34, naishi Kibaha. Jumamosi tulikuwa tunatoka Chalinze na gari ya shemeji yangu. Nilikaa mbele, mkanda nimefunga. Tulipofika Mlandizi tukasimama kupisha watu wavuke, Fuso ikatugonga kwa nyuma, tukasukumwa hadi kwenye gari iliyokuwa mbele yetu. Hakuna aliyetoka damu. Niliteremka mwenyewe nikawa nawatuliza wengine. Dada wa kazi alilalamika mgongo, tukamvuta nje tukamkalisha kando ya barabara. Dereva wa Fuso alituomba tusifike polisi, akampa shemeji hela ya kunyoosha bodi, tukamalizana. Leo Jumatatu shingo haigeuki, kichwa kinauma kwa nyuma, na usiku kila nikisinzia nasikia ule mshindo. Nilinunua diklofenaki duka la dawa, inanipoza kidogo. Mama mkwe anataka nikandwe kwa maji ya moto, shemeji anasema kuna kinyozi anayejua kunyoosha shingo. Je, nikubali? Na je, nimechelewa kwenda hospitali? Nilisahau: mkanda umeniachia mstari wa bluu kifuani mpaka tumboni, ukiguswa unauma. Mwanangu wa miaka 4 alikuwa nyuma amepakatwa na dada. Hana shida, ila amekuwa mzito kula.

JIBU: Poleni sana, dada yangu. Nilikujibu kwa simu siku ileile kwa sababu jambo lako halikuwa la kungoja gazeti, nikakwambia uende hospitali siku hiyohiyo, umchukue mtoto na umchukue dada wa kazi. Hapa narudia niliyokwambia na kueleza sababu, maana barua zinazofanana na yako huletwa mara nyingi, na karibu zote huanza na shingo.

Majeruhi wengi husema, “Pale pale sikusikia kitu.” Ni kweli hawakusikia. Mwili ukipatwa na hofu kubwa humwaga adrenalini kwenye damu, moyo unakwenda mbio, na maumivu yanafunikwa kwa saa kadhaa. Wapo waliotembea na mguu uliovunjika. Kwa hiyo kule kuteremka mwenyewe hakukuwa kipimo cha afya yako, na aliyekutazama kwa macho akasema “huyu mzima” hakuwa amekupima.

Kilichonishtua katika barua yako ni kile ulichokisahau ukakiandika mwishoni. Mkanda ulikuokoa, tena endelea kuufunga kila safari. Lakini unapoukamata mwili uliokuwa kwenye mwendo, nguvu yote inaishia kwenye utepe mwembamba unaopita begani, kifuani na chini ya kitovu. Alama iliyobaki kwenye ngozi inatuonyesha nguvu hiyo ilipita wapi, na ndani ya njia hiyo kuna ini upande wa kulia, wengu upande wa kushoto, na utumbo. Utumbo ukibanwa kati ya mkanda na uti wa mgongo unaweza kupata tundu dogo. Siku ya kwanza mtu anaweza kusikia kuuma kidogo tu. Uchafu ukiendelea kuvuja, siku ya pili au ya tatu homa inapanda, tumbo linakakamaa, anaanza kutapika, na hapo anahitaji upasuaji wa haraka.

Wengu nao una hatari yake. Damu inaweza kujikusanya chini ya utando wake na kutulia, kisha utando ukapasuka baada ya siku kadhaa, hata wiki moja au mbili, mtu akiwa amekwisha kurudi kazini. Dalili zake ni kizunguzungu ukisimama, jasho la baridi, midomo na viganja kupauka, mapigo ya moyo kwenda mbio, na maumivu kwenye ncha ya bega la kushoto ambalo halikugongwa. Hiyo ya bega huwapoteza wengi wakadhani ni misuli. Damu iliyomwagika tumboni huchokoza kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unaanzia shingoni, ndiyo maana maumivu husikika begani.

Uko Kibaha, jirani na Tumbi, hospitali ambayo kwa miaka mingi imepokea majeruhi wa Barabara ya Morogoro. Ukifika usiseme “shingo inauma” ukaishia hapo. Sema ulipata ajali ya gari Jumamosi, kisha mfunulie daktari ile alama aione. Atakubonyeza tumbo, atapima presha na mapigo, ataangalia wingi wa damu, mkojo kama una damu, na kufanya utrasaundi ya tumbo. Utrasaundi ikiwa safi ni habari njema, lakini haioni kila tundu la utumbo. Akisema ulazwe uangaliwe, au akitaka CT-scan, usikatae kwa kuwa unajisikia nafuu. Na kama hedhi imechelewa, liseme hilo kabla ya eksirei. Mama mwenye mimba iliyovuka wiki 20 aliyepata ajali apimwe hata kama haumwi, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kubanduka bila alama yoyote nje ya ngozi. Kama damu yake ni ya kundi hasi, amwambie mhudumu mapema, maana kuna sindano ya anti-D inayotakiwa ndani ya saa 72.

Mtoto anayepakatwa hana mkanda. Gari linapogongwa, hakuna mikono inayoweza kumzuia, hata iwe ya mtu mwenye nguvu kiasi gani. Mbavu za mtoto ni laini, hupinda zikarudi bila kuvunjika, na viungo vya ndani ndivyo vinavyopokea kishindo. Zaidi ya hapo, mwili wa mtoto hujikaza sana hata akiwa anavuja damu ndani. Presha yake hushuka mwishoni kabisa, na ikishashuka muda uliobaki ni mfupi. Ndiyo maana mtoto wa miaka 4 aliyekuwa mchangamfu akianza kukataa chakula siku ya tatu baada ya ajali, mimi siiti hiyo deko. Akitapika, akilala kuliko kawaida yake, au akikataa kushikwa tumbo, msisubiri foleni ya kawaida. Pitilizeni idara ya dharura.

Kuhusu dada wa kazi, barua yako imempa sentensi moja tu, nami naomba apewe zaidi. Mtu anayelalamika mgongo baada ya kugongwa anaweza kuwa amevunjika pingili, na kuvutwa mikono na miguu kutoka kwenye gari kunaweza kugeuza ufa mdogo kuwa ulemavu wa maisha. Najua mlifanya kwa huruma. Safari nyingine aachwe alipo, mtu mmoja amshikilie kichwa kisicheze, wengine wapige 112 na kuzuia magari. Mwendesha bodaboda vilevile, kofia ngumu isivuliwe kama anapumua vizuri. Anayevuja damu akandamizwe kwa khanga safi, kwa nguvu, bila kufunua kila mara kuchungulia. Cha kumhamishia mtu haraka ni moto, au mafuta yanayomwagika. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wamesogea kuchota petroli. Dada huyo mlimuuliza tena habari ya mgongo tangu Jumamosi? Wengine hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wavivu, wakainama kufua nguo za familia nzima.

Sasa shingo. Kichwa kilirushwa nyuma kikarudi mbele, misuli na kano zikavutika, na kwa kawaida maumivu hayo huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Watu wengi hupona kwa wiki chache. Daktari akishahakikisha mifupa ni salama, igeuze shingo taratibu mara kadhaa kwa siku hadi pale inapokataa, bila kuilazimisha. Kola ya shingoni usijivalishe mwenyewe. Ikikaa siku nyingi inaidhoofisha misuli. Ukisikia ganzi mikononi, mkono kukosa nguvu au mkojo kukutoka, hiyo si misuli tena.

Kinyozi mkatae kabisa. Ndani ya shingo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na kuizungusha shingo kwa ghafla kunaweza kuchana mmoja wao, ukapata kiharusi ukiwa kijana. Mama mkwe mshukuru, anakutakia mema, ila mwombe asubiri. Maji ya moto katika siku mbili za mwanzo huongeza uvimbe. Kuanzia siku ya tatu kitambaa cha uvuguvugu shingoni hakina ubaya ukishapimwa. Tumbo lisikandwe wala lisichuliwe na mtu yeyote. Diklofenaki iache kwanza: inaweza kuongeza kuvuja damu, na inaficha maumivu ambayo daktari anayahitaji. Meza paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, usizidishe vidonge 8 kwa saa 24.

Kichwa chako kitazamwe pia. Kutapika mara kwa mara, maumivu yanayozidi, kuchanganyikiwa, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, maji meupe kutoka puani au masikioni, usingizi usioamshika: moja tu kati ya hizo inatosha kukurudisha hospitali usiku wa manane. Wazee, na wanaotumia warfarini, damu huweza kujikusanya polepole kichwani, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye wakati ajali imekwisha kusahaulika.

Mkiwa njiani, shemeji apite polisi kuripoti na kuchukua fomu ya polisi ya PF3. Nyinyi msimngoje, Wizara ya Afya imekwisha kutamka kwamba mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Lakini fomu hiyo ndiyo itakayoandikwa majeraha yenu, na bila ripoti ni vigumu kudai chochote kwenye bima ya ile Fuso, ambayo kwa sheria lazima iwe na bima ya kufidia watu wengine. Hela mliyopewa ilikuwa ya bodi ya gari. Kumalizana barabarani, kabla hata maumivu hayajaanza, ni desturi inayowaumiza watu wengi, na mara nyingi anayebaki na gharama ya matibabu ni abiria ambaye hakuulizwa.

Umebaki ule mshindo unaousikia usiku. Katika wiki za mwanzo ni kawaida kushtuka, kuota ajali, au kuogopa kupanda gari. Usijilazimishe kusimulia kwa kila mgeni anayekuja kukupa pole. Simulia unapotaka, kwa unayemwamini. Pombe na vidonge vya usingizi vya kununua dukani viepuke, hasa sasa ambapo kichwa chako kinachunguzwa na tunahitaji kujua kama usingizi wako ni wa kawaida. Mtoto naye anaweza kukojoa kitandani au kung’ang’ania nguo yako, asigombezwe. Mwezi ukiisha na bado unakwepa barabara ya Mlandizi, unashtuka ovyo au huwezi kulala, omba hapohapo hospitali uonane na mtaalamu wa afya ya akili, umweleze tangu siku ya ajali kama utakavyomweleza daktari huyu wa tumbo.