Mashine Mpya, Fyuzi ya Zamani: Somo Kutoka Hospitali za Kasulu na Kibondo

Wanafunzi wenzangu, kila tukirudi kutoka fildi tunakuwa na picha zilezile kwenye simu: mashine mpya imefungwa utepe, kiongozi ameshika mkasi, watu wanapiga makofi. Picha ya mwaka mmoja baadaye hatuna kawaida ya kuipiga. Mimi niliiona katika hospitali moja ya huku kwetu Kigoma, ambayo sitaitaja. Mashine ya oksijeni ilikuwa pembeni ya wodi ya watoto, juu yake yamepangwa mashuka. Nikamuuliza muuguzi, "Dada, hii imekufa?" Akanijibu, "Haijafa mdogo wangu, inasubiri fundi."

Mashine yenyewe si ya ajabu. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Pampu inaivuta hewa hiyo na kuisukuma kwenye mitungi yenye chembechembe za zeolaiti, ambazo hunasa naitrojeni. Kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya asilimia 90 hivi. Ila kabla hewa haijaingia, inapita kwenye kichujio, na kichujio hicho kinatakiwa kuoshwa mara kwa mara. Sasa fikiria Kasulu mwezi wa Agosti. Aliyewahi kusafiri huko kiangazi anajua vumbi lile jekundu linavyoingia hadi kwenye begi lililofungwa zipu. Kichujio kikiziba, mashine inapata joto na oksijeni inapungua nguvu, lakini inaendelea kunguruma vilevile. Mtoto mwenye nimonia amewekewa mpira puani, mama yake ametulia, kila mtu anaamini anasaidiwa. Bila kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, hakuna atakayejua kwamba hapati ya kutosha.

Halafu kuna umeme. Kibondo na Kasulu zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, zikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi gridi ilipofika mwaka 2022. Ni hatua kubwa, sibishi. Lakini umeme wa gridi nao hupanda na kushuka, na mashine isiyo na stabilaiza inaungua bodi siku moja tu.

Tatizo hili si la Kigoma peke yake. Utafiti uliotoka 2011 ulikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, ukakuta asilimia 38 hivi havifanyi kazi. Sababu zilizotajwa ni upungufu wa mafunzo, usimamizi mbovu wa vifaa na miundombinu. Ubovu wa kiwandani haukuwa hata kwenye orodha ya mbele.

Kwa hiyo napenda zaidi kujifunza kutoka kwa kitu kilichofanikiwa mkoani kwetu. Mradi wa afya ya uzazi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, ulioanza mwaka 2006 na baadaye kuendeshwa na shirika la Thamini Uhai, haukuanza kwa kutafuta mashine kubwa kwa hospitali kubwa. Ulisogeza chumba cha upasuaji hadi kwenye vituo vya afya. Madaktari wasaidizi wakafundishwa upasuaji wa dharura wa uzazi, wauguzi wakafundishwa kutoa dawa ya usingizi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, na Kasulu hadi Kigoma mjini ni karibu kilomita 100. Ukitoka kijijini, ongeza muda wa kutafuta bodaboda. Kati ya 2013 na 2018, vifo vya uzazi katika vituo vya kutolea huduma mkoani Kigoma vilishuka kutoka 303 hadi 174 kwa kila vizazi hai 100,000. Serikali na wadau wengine nao walikuwa kazini, kwa hiyo sifa si ya mmoja. Ila angalia walichonunua: taa, vitanda, vifaa vya kawaida kabisa, na mtu aliyefundishwa kuvitumia.

Kuna pia ule utaratibu wa Kijapani wa S tano ulioingia hospitali zetu kupitia Mbeya mwaka 2007: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wengi tunaucheka, tunaona ni mabango ya ukutani tu. Lakini hiyo S ya tatu ndiyo ingeokoa kichujio chetu.

Ndugu zangu wa IT, na nyinyi msikae pembeni. GoTHOMIS ni mfumo mzuri, unaziba mianya ya mapato na kuonyesha dawa zilizobaki. Ila nilimwona mkunga mmoja anajaza patografu, kisha rejista ya MTUHA, kisha anakwenda kwenye kompyuta kuandika yaleyale. Mara tatu, na wodi ina akina mama wanne. Mfumo unaomwondoa mkunga kitandani haujaboresha chochote bado, hata kama ripoti inafika Dodoma kwa wakati. Anayesomea programu akae zamu moja ya usiku leba kabla hajaandika msimbo.

Na mafundi vifaa tiba tunao, DIT na Chuo cha Ufundi Arusha wanawafundisha. Wakihitimu, nani anawaandikia nafasi wilayani?

Fundi wetu alifika siku tatu kabla sijamaliza fildi. Alifungua kifuniko, akatoa sponji iliyokuwa nyekundu kama tofali, akaiosha kwa maji na sabuni, akabadilisha fyuzi, akapima. Haikufika hata saa moja. Akiwa anafunga skrubu akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia uhasibu.

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta," akasema. "Hela ya fyuzi huwa mnaiweka kifungu gani?"

Nilikuwa nimeipitia bajeti yao wiki nzima. Ununuzi wa vifaa ulikuwa na kifungu chake. Matengenezo hayakuwa nacho.